Amri kwa Mdomo: Hulka ya Mkuu wa Polisi na Mipaka ya Katiba

Tatizo

Julai 2023 Tume ya Rais ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai nchini Tanzania, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake. Pendekezo lililonukuliwa kuliko yote ni la kulifumua Jeshi la Polisi na kuliunda upya liwe Huduma ya Polisi. Katika mjadala uliofuata, hoja moja ilipata wafuasi wengi: wakuu wa polisi wapatikane kwa ushindani na usaili, wachaguliwe kwa sifa, na mengine yatafuata. Makala hii haina ugomvi na usaili. Inabishana na hayo “mengine yatafuata”.

Orodha ya sifa zinazotajwa tunaijua sote: uadilifu, ujasiri, maono, busara, uwezo wa kuzungumza na umma. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezipinga, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Orodha hiyo haimtofautishi mtu na mtu. Ni maneno yanayofaa kuandikwa katika taarifa ya utendaji ya kamanda yeyote anayepandishwa cheo, awe yule atakayestaafu kwa heshima au yule ambaye jina lake litakuja kutajwa na tume ya uchunguzi.

Kuna kitendawili ambacho orodha hiyo haikigusi. Sifa inayompandisha askari ni utii. Kuruta wa chuo cha polisi cha Moshi, Tanzania, au cha Kiganjo, Kenya, huanza kutii kwenye gwaride kabla hajaijua sheria vizuri. Kutoka konstebo hadi kamishna, kila ngazi anaivuka kwa kalamu ya aliye juu yake. Kisha, siku anapokalia kiti cha juu kabisa, kazi inadai kinyume chake: amwambie waziri, au hata Rais, kwamba jambo hili halifanyiki. Tunatumia miaka thelathini kuwachuja wanaokataa, halafu tunashangaa kumkosa wa kukataa.

Dai langu ni kwamba sifa inayompima mkuu wa polisi kuliko nyingine zote ni utayari wa kuacha kumbukumbu. Mkuu wa namna hiyo hudai amri anayopewa iandikwe, huiandika anayoitoa, hutia saini yake, na hukubali kuhukumiwa kwa maandishi hayo mambo yanapoharibika. Sifa hii haina mvuto wa jukwaani. Faida yake ni kwamba inaweza kuchunguzwa.

Waliotangulia

Kwamba mkuu huathiri mwenendo wa walio chini yake ni jambo lililokwisha kukubalika tangu James Q. Wilson alipolinganisha idara za polisi za miji ya Marekani mwaka 1968. Ubishi uko kwingine, na una kambi mbili.

Kambi ya kwanza ni ya vitabu vya mafunzo ya uongozi, ambavyo hupenda kuanzia kwa Robert Peel na kanuni tisa zinazosemekana kuwa aliziandika alipoanzisha polisi ya London mwaka 1829. Susan Lentz na Robert Chaires walionyesha mwaka 2007 kwamba kanuni hizo, kwa sura tunayoijua, ni zao la waandishi wa karne ya 20. Kwetu kosa hilo lina uzito wa ziada. Polisi wa makoloni ya Kiingereza walichota zaidi kutoka kwa polisi wenye silaha wa Ireland, walioundwa kuwadhibiti watu, kuliko kutoka kwa askari wa doria wa London. Kumfundisha kamanda wa mkoa kwamba yeye ni mrithi wa Peel ni kumpa ukoo usio wake. Mila ya kazi aliyoirithi ina swali moja tu kuhusu uongozi: nani ametoa amri?

Kambi ya pili inastahili heshima zaidi. Alice Hills, katika makala yake ya mwaka 2007 kuhusu marais na makamishna wa polisi barani Afrika, alisisitiza kwamba uhusiano wa watu hao wawili ndio ufunguo, na kwamba mwenye nguvu katika uhusiano huo ni rais. Ukilifuata wazo hili hadi mwisho, hulka ya mkuu wa polisi haina maana kubwa. Atafanya anachotaka aliyemteua. Wanasheria wetu wengi wanaafiki bila kusema: rekebisheni Katiba, muacheni mtu. Kenya imetupatia nafasi ya kulipima wazo hilo.

Kenya, 2010 hadi 2024

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Jaji Philip Waki, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Jopo la Jaji Philip Ransley lilifuata mwaka 2009, kisha ikaja Katiba ya 2010. Ibara ya 245 ya Katiba hiyo inasomeka kana kwamba imeandikwa na mtu aliyewahi kukaa jirani na simu ya mkuu wa polisi. Inspekta Jenerali anapewa kipindi kimoja cha miaka minne kisichorudiwa. Sababu za kumwondoa zimetajwa. Waziri anaruhusiwa kumpa maelekezo ya kisera, lakini hakuna mtu yeyote anayeruhusiwa kumwelekeza kuhusu upelelezi wa kosa fulani, kuhusu kutekeleza sheria dhidi ya mtu fulani, wala kuhusu kuajiri, kupandisha cheo au kumfukuza askari. Na maelekezo halali ya waziri lazima yawe kwa maandishi.

Sharti hili la mwisho halijapewa uzito linaostahili. Waandishi wa Katiba walielewa kwamba amri mbaya hupenda mdomo. Aliyetamka anaweza kuruka. Aliyetekeleza hubaki peke yake. Kwa hiyo walimpa mkuu wa polisi silaha ambayo mwenzake wa Tanzania, anayeteuliwa na Rais bila ulinzi wa ibara ya aina hiyo, hana: haki ya kusema, “Niletee barua.”

Haki hiyo ilitumikaje? Tuwatazame wanne wa kwanza waliokalia kiti hicho. David Kimaiyo, aliyepatikana mwaka 2012 baada ya usaili wa wazi wa Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi, aliondoka Desemba 2014 baada ya wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe kuuawa na magaidi huko Mandera. Mwezi huohuo sheria ilibadilishwa: Rais akapata nguvu ya kupendekeza jina yeye mwenyewe na kulipeleka Bungeni. Joseph Boinnet, wa kwanza kupita njia hiyo mpya, alimaliza miaka yake minne mwaka 2019. Hilary Mutyambai aliondoka Septemba 2022 kwa sababu ya afya, kipindi chake kikiwa kimebaki miezi. Japhet Koome alijiuzulu Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Muswada wa Fedha ambamo waandamanaji wengi walipigwa risasi.

Kati ya wanne, mmoja tu alimaliza kipindi, naye hakupitia usaili wa wazi. Sidai kwamba usaili hauna faida. Watu wanne ni wachache mno kwa dai kama hilo, na kumaliza kipindi hakumaanishi kufanya kazi vizuri. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kigumu kukipinga: wenye imani kwamba ushindani peke yake utatuletea mkuu wa aina nyingine hawawezi kuitumia Kenya kuwa shahidi wao.

Linalonishughulisha zaidi ni swali lililovuma mitaani na mitandaoni baada ya waandamanaji hao kupigwa risasi tarehe 25 Juni 2024: nani aliamuru? Ibara ya 245 ilitungwa ili uwajibikaji wa amri ufuatiliwe kwa karatasi. Kwamba miaka kumi na minne baadaye raia walikuwa bado wanauliza kwa kukisia kunaonyesha kwamba sharti la maandishi limebaki kuwa sharti la yule anayetoa amri. Halikuwa desturi ya yule anayeipokea.

Kilichofuata kinaonyesha jambo hilo kwa karibu zaidi. Baada ya Koome kuondoka, kuna wakati kiti kilikaimiwa na Gilbert Masengeli. Mahakama Kuu ilimwita aeleze walipo watu watatu waliotoweka Kitengela. Hakufika, akaitwa tena na tena. Tarehe 13 Septemba 2024 Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akasitisha utekelezaji kwa siku saba ili kumpa nafasi ya mwisho. Alifika, akaomba radhi, na adhabu ikaondolewa. Hakutakiwa kuonyesha ushujaa. Alitakiwa kuingia katika chumba cha mahakama cha Milimani na kusema maneno ambayo yangeandikwa na kuhifadhiwa. Kwa mtu aliyekwisha kupanda ngazi zote za utii, hilo ndilo lililokuwa zito.

Pingamizi

Mfuasi wa Hills atasema nimethibitisha hoja yake: Katiba ilikuwapo na bado Rais alibaki na nguvu. Nakubali nusu. Nguvu ya Rais inaeleza kwa nini kukataa kuna gharama. Haielezi kwa nini, penye kinga ya kipindi maalumu na sharti la maandishi, kinga hiyo haidaiwi. Sheria inaweza kumruhusu mtu kusema hapana. Haiwezi kusema kwa niaba yake.

Wengine watasema polisi hawana muda wa barua pale ghasia zinapochacha. Pingamizi hili lina sauti ya uzoefu, lakini ni jepesi. Kituo kinachoandika wizi wa kuku na kumpa mlalamikaji namba ya RB (kitabu cha taarifa) hakiwezi kushindwa kuandika nani aliruhusu risasi za moto, saa ngapi, kwa sababu gani. Amri inaweza kutolewa kwa redio na kuingizwa kitabuni ndani ya saa moja.

Pingamizi la tatu ni kwamba hulka haipimiki. Hapa Tanzania tunacho kipimo, ila hatukitumii. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi, na nyongeza kwa utaratibu maalumu. Katika shauri la Janta Joseph Komba na wenzake, Mahakama ya Rufani ilikataa maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda huo. Linganisha karatasi mbili za kesi yoyote: kitabu cha mahabusu, chenye saa ya mtu kuingizwa kituoni, na fomu ya maelezo ya onyo, yenye saa ya kuanza kuhojiwa. Mkuu wa kituo anayesimamia saa ya kweli iandikwe anampa wakili wa utetezi silaha dhidi ya askari wake mwenyewe, na anajua. Anayefanya hivyo mwaka hadi mwaka ameonyesha uadilifu ambao usaili wa dakika arobaini hauwezi kuuona.

Shinyanga na Mwanza

Watakaosema kwamba nadai malaika wakumbuke mwaka 1976. Katika msako wa wahusika wa mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi mikoani Shinyanga na Mwanza, maofisa wa polisi na wa usalama waliwatesa watu waliowakamata, na baadhi walifia mikononi mwao. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, hakuwapo wala hakuagiza. Alijiuzulu. Baadhi ya maofisa walishtakiwa na kufungwa. Mwinyi alipelekwa kuwa balozi Misri, akarudi, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Ni kweli kwamba alikuwa mwanasiasa, si askari, na kwamba Rais Nyerere alikuwa bosi wa aina yake. Lakini mfano huu unavunja imani iliyoenea maofisini kwamba saini ya kuwajibika ni mwisho wa kazi ya mtu. Wahenga walisema ukubwa ni jalala: mkubwa hutupiwa taka za wote. Mwinyi alizipokea kwa maandishi na kwa jina lake, ndiyo maana tukio lile linakumbukwa kwa kuwa na mwenyewe, tofauti na mengi yaliyolifuata.

Hitimisho

Katiba bila mtu wa kuidai haitoshi, kama Kenya inavyoonyesha. Na mtu mwema asiye na sheria ya kumkinga atadumu kwa bahati. Kwa hiyo Tanzania ichukue kutoka kwa jirani yake sharti la maelekezo ya maandishi, lakini isiishie hapo. Kabla kamanda hajapandishwa kuwa kamanda wa polisi wa mkoa (RPC) au zaidi, wanaomteua wavifungue vitabu vya mahabusu vya vituo alivyovisimamia na wazipitie kesi zake zilizoanguka mahakamani kwa maelezo batili. Na askari aliyekataa amri haramu kwa barua, barua hiyo iingie katika jalada lake kama sifa, si kama doa.

Anayependekezwa kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi (IGP) aulizwe swali moja mbele ya umma: ni amri ipi uliwahi kuikataa, na barua yake iko wapi? Asiye na jibu anaweza kuwa askari hodari. Ukuu wa polisi haumfai.