Gitaa la Besi Lenye Betri: Namna ya Kutafuta Hitilafu

Gitaa la besi aktivu ni gitaa la umeme lenye priampu, yaani saketi ndogo ya kukuza na kurekebisha sauti, ndani ya mwili wake. Mfano maarufu wa mwanzo ni StingRay ya Music Man, iliyotoka mwaka 1976. Kwa mpiga besi wa kwaya aliye Bonga, kusini mwa mji wa Babati kwenye barabara iendayo Kondoa, kipuri cha priampu huenda kikaagizwa Arusha, zaidi ya kilomita 150. Basi afadhali ajue kupima kabla ya kununua. Mara nyingi ubovu huwa kwenye betri, waya au jeki. Priampu huhukumiwa mwisho.

Njia ya umeme

Vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi hugeuza mtikisiko wa chuma kuwa umeme hafifu. Umeme huo hupita kwenye priampu, jeki na waya hadi kwenye amplifaya. Priampu hutumia betri ya volti 9. Nyingine hutaka mbili zilizofuatanishwa ili kupata volti 18.

Jeki ndiyo swichi. Ina vigusio vitatu, na plagi ya mono ikiingia huunganisha upande hasi wa betri na ardhi ya saketi. Kwa hiyo waya ukiachwa umechomekwa usiku kucha, betri huliwa. Plagi ya stirio nayo huweza kulinyamazisha gitaa zima lisilo na ubovu wowote, kwa kuwa haiunganishi vigusio hivyo.

Mpangilio wa kupima

1. Anza nje. Badilisha waya, kisha jaribu gitaa jingine kwenye amplifaya ileile.

2. Pima betri ikiwa kazini, plagi ikiwa imechomekwa, kwani betri isiyo na mzigo hudanganya mita. Betri mpya huonyesha zaidi kidogo ya volti 9. Ikishuka chini ya 8, ibadilishwe. Kagua pia klipu yake, maana waya zake hukatika kwa kuvutwa.

3. Betri ikiwa nzima lakini volti hazifiki kwenye priampu, tazama jeki: kigusio kilichopinda, kutu, au nati iliyolegea hadi waya za ndani zikajisokota.

4. Kama gitaa lina swichi ya pasivu, yaani ya kupitisha sauti bila priampu, igeuze. Sauti ikirudi, tatizo liko kwenye priampu au umeme wake. Ikikosekana, fuata kinasa, volumu na jeki.

5. Gonga kinasa polepole kwa bisibisi. Kizima husikika kwenye spika. Kinasa pasivu kikitenganishwa na saketi, kwa kawaida huonyesha kilo-omu 5 hadi 15. Mita isipoonyesha muunganiko wowote, waya wake umekatika. Kipimo hiki hakifai kwa vinasa vyenye priampu ndani yake.

Dalili na maana zake

Sauti inayokwaruza na kufifia polepole ni betri inayoisha. Mkwaruzo unaokuja kitufe kikizungushwa ni vumbi: puliza dawa ya kusafishia kontakti, kisha zungusha mara nyingi.

Mngurumo unaopungua ukigusa nyuzi huashiria ukingaji hafifu ndani ya gitaa. Usipobadilika, pima kati ya daraja la nyuzi na ardhi ya jeki. Mita isome karibu na omu sifuri. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, hivyo mngurumo mzito usiokoma waweza kutoka ukutani. Ukipigwa shoti na nyuzi, acha kupiga mara moja: kosa liko kwenye ardhi ya amplifaya, soketi au jenereta, na ni hatari kwa maisha.

Kabla ya kuchomelea

Toa betri, piga picha ya rangi za waya, na usiishikilie pasi ya risasi kwenye kiungo kwa muda mrefu. Baada ya ibada au onyesho, chomoa plagi. Bandika karatasi yenye tarehe kwenye kila betri mpya. Ikiisha kabla ya wakati wake wa kawaida, utajua kuna mahali umeme unavuja, na utaanza kuutafuta kabla gitaa halijanyamaza katikati ya wimbo.