Kwanza Cheti, Kisha Jezi

Kijana wa Kibarani, Mombasa, akitaka kucheza mpira Rio de Janeiro, safari yake haianzii uwanja wa ndege wa Moi, ingawa ndege zinazotua Port Reitz humpita juu ya kichwa kutwa nzima. Huanzia kwa chifu. Apatikane mtu mzima wa kumtolea ushahidi: alizaliwa wapi, lini, na mama yake aliitwa nani, hata kama mama mwenyewe hajulikani aliko. Barua ya chifu ikipatikana ndipo liandikwe ombi la cheti cha kuzaliwa, tena la usajili uliochelewa, maana sheria ya Kenya huhesabu kuwa kimechelewa kizazi kisichoandikishwa ndani ya miezi sita. Kama hana mzazi wa kumtilia sahihi, faili litapita Mahakama ya Watoto, pale Tononoka, ili ijulikane nani ana mamlaka juu yake. Kisha pasipoti. Kisha viza. Viatu vya mpira huja mwisho kabisa.

Hiyo ndiyo sababu Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani halifanani na mashindano mengine ya timu za taifa za vijana. Wachezaji wake wana umri wa kati ya miaka 14 na 17 hivi, huvaa jezi yenye jina la nchi na hupeperushiwa bendera ya nchi. Lakini wengi wao, hadi miezi michache kabla ya safari, nchi hiyo haikuwa na hata mstari mmoja wa maandishi unaosema kwamba wapo.

Kombe hilo lilianza Durban, Machi 2010, miezi mitatu kabla Afrika Kusini haijawapokea wakubwa wa dunia. Kwa miaka kadhaa watoto waliolala nje mjini humo walikuwa wakikusanywa kwa magari ya polisi na kwenda kumwagwa mbali na mji, hasa mji ulipotarajia wageni wa maana. Umthombo, shirika la hapo hapo Durban lililofanya kazi na watoto hao, lilikuwa limelalamika sana. Likaungana na wenzake wa Uingereza, shirika la Amos Trust, na wazo lao lilikuwa jepesi kueleza: kama mji unasafishwa kwa ajili ya mpira, basi nao watumie mpira huo huo kuonyesha ni nani anayefagiliwa.

Zilikuja timu nane: Afrika Kusini, Brazil, India, Nicaragua, Tanzania, Ufilipino, Uingereza na Ukraine. Fainali ilikuwa ya India na Tanzania, India ikashinda kwa bao moja. Hata hivyo lililodumu zaidi kutoka Durban halikuwa kombe. Kati ya mechi na mechi watoto walikaa vikao, wakazungumza, wakachora, na mwisho wakatoa tamko lililoitwa Azimio la Durban. Walitaka kusikilizwa, kuwa na nyumbani, kulindwa dhidi ya kipigo na dhuluma za kingono, na kupata matibabu na shule. Mtindo huo wa kuchanganya uwanja na baraza haujaachwa tangu hapo. Timu isiyofika robo fainali bado ina kazi ya kufanya kesho yake asubuhi.

Hapa inafaa kutazama upande wa pili wa karatasi. Mashindano rasmi ya vijana yamesumbuliwa na vyeti tangu zamani, ila kwa sababu iliyo kinyume. Mwaka 2005 Tanzania iliondolewa katika fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kule Gambia, baada ya kufuzu kwa jasho lake, kwa suala la mchezaji asiyestahili. Mwaka 2018 Karume Boys wa Zanzibar walirudishwa kutoka Burundi, kwenye mashindano ya CECAFA ya umri huo huo, kwa kuwa na wachezaji waliozaliwa mapema kuliko kanuni ilivyotaka. FIFA nayo ilishaacha kuamini karatasi peke yake: katika Kombe la Dunia la vijana nchini Nigeria mwaka 2009 ilianza kupiga picha za mfupa wa kifundo cha mkono ili kukadiria umri. Huko, cheti kinapunguzwa miaka. Huku, cheti hakipo kabisa, na mtoto akiulizwa umri hutaja mwaka wa tukio: mwaka wa mvua fulani, au uchaguzi fulani.

Kenya iliingia kupitia Mombasa. Timu ya wavulana iliyokwenda Rio mwaka 2014 iliandaliwa na Glad's House Kenya, shirika la mjini humo lililoanzishwa mwaka 2006 ambalo limeufanya mpira kuwa mlango wa kuwafikia vijana wanaolala nje. Mwenye kuijua Mombasa hatashangaa kwamba mlango ulikuwa mpira. Mtu mwenye daftari akitokea kijiweni, vijana hutawanyika wakidhani ni askari wa kaunti. Akitokea mwenye boli, hubaki. Wataficha chupa ya gundi ndani ya mkono wa shati, watauliza kama kuna chai baadaye, lakini watabaki, na baada ya wiki kadhaa mmoja atasema jina lake halisi badala ya lile la kijiweni. Hilo jina la pili ndilo linaloandikwa kwenye fomu.

Neno lenyewe wanaloitwa lina harufu ya jaa. Chokoraa: masikio ya Mpwani husikia humo kitenzi kuchokora, kupekuapekua kwa kijiti. Kwa miaka mingi taswira hiyo ilionekana wazi na kila aliyetoka kisiwani kwenda Changamwe, kwani jaa la Kibarani lilikuwa kando ya barabara, moshi wake ukiingia madirishani mwa matatu, na watoto wakionekana juu ya vilima vya taka wakitafuta chupa, shaba na vyuma vya kuuzia wanunuzi wa skrepu. Kibarani ilifungwa ikapandwa miti. Taka zikahamia kwingine, Mwakirunge huko Kisauni ikibeba mzigo mkubwa, na wachokoraji wakazifuata. Wengine hawakuwahi kuhitaji jaa: soko la Kongowea linatosha, na kwa upande wa kusini kuna feri ya Likoni, ambako umati unaoshuka jioni una mikono iliyojaa na macho yaliyochoka, na mtoto mwepesi hakosi mzigo wa kubeba au shilingi ya kuomba.

Ng'ambo hizi za kisiwa, Likoni kusini na Kisauni kaskazini, zina sifa nyingine ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya watalii. Kisiwani ndiko watoto wanakookotwa. Ng'ambo ndiko wanakopelekwa. Likoni kuna shule ya serikali ya kurekebisha tabia za wavulana. Shimo la Tewa, upande wa kaskazini ukishapita Kisauni, kuna bosta, yaani jela ya kurekebisha vijana, moja ya chache nchini, ya vijana wa miaka 15 hadi 17, ambako kifungo hakizidi miaka mitatu. Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji mwaka 1997, kwa hiyo kukosa pa kulala si kosa tena. Misako haikufutwa pamoja nayo.

Hesabu rasmi ya familia za mitaani ya mwaka 2018 iliwakuta watu 46,639 nchi nzima. Nairobi iliongoza kwa 15,337, Mombasa ikafuata kwa 7,529, karibu mara tatu ya Kisumu. Timu moja ya kwenda Rio ilikuwa na wachezaji tisa au kumi. Mwenye kuuliza hao maelfu wengine walipata nini haulizi vibaya, na wanaosimamia mashindano haya wameulizwa hivyo mara nyingi.

Rio walifika zaidi ya watoto 200 kutoka nchi 19, kuanzia mwishoni mwa Machi 2014. Kwa mara ya kwanza wasichana walikuwa na kombe lao. Kaulimbiu iliandikwa kwa Kiingereza na Kireno, lakini Kiswahili kinaibeba kwa maneno matatu tu: Mimi ni mtu. Wenyeji walikuwa na msiba. Wiki chache kabla ya ufunguzi, mvulana wa Fortaleza aliyetarajiwa kuvaa jezi ya Brazil aliuawa kwa risasi siku aliyotimiza miaka 14. Alikuwa ameshatoka mtaani. Mtaa ulimfuata.

Uwanjani kulikuwa na maajabu yake. India, mabingwa wa Durban, walifungwa na Pakistan mabao 13 kwa bila, matokeo ambayo katika mashindano ya wakubwa yangemfukuzisha kocha kabla hajafika hotelini. Wavulana wa Kenya hawakufika fainali. Waliofika walikuwa majirani: Burundi na Tanzania, timu mbili za Afrika Mashariki ziligombea kombe la dunia mjini Rio, na mchezaji wa Mombasa aliyekaa jukwaani angeweza kufuata Kiswahili cha maelekezo ya upande mmoja bila mkalimani. Tanzania, iliyowakilishwa na vijana wa Mwanza, ilishinda 3 kwa 1. Wasichana wa Brazil waliwafunga wa Ufilipino bao moja.

Mahali pa fainali panastahili kutajwa. Ni Laranjeiras, uwanja mkongwe wa klabu ya Fluminense, ambako timu ya taifa ya Brazil ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa mwaka 1914, dhidi ya klabu ya Exeter City ya Uingereza. Miaka 100 baadaye, nyasi hizo hizo zilikanyagwa na vijana wa Ziwa Viktoria na wa Burundi.

Baada ya Rio mashindano yakapata mwendo wa kila miaka minne. Moscow, Mei 2018, zilikuwa timu 24. Wavulana wa Uzbekistan waliishinda Pakistan kwa penalti, na kwa wasichana Brazil ilitwaa tena, safari hii mbele ya Tanzania. Doha ikapokea zamu yake Oktoba 2022, wiki chache kabla ya Qatar kufungua milango kwa wakubwa. Misri iliitoa Pakistan kwa penalti. Pakistan, kwa hiyo, imepoteza fainali mbili mfululizo kwa mikwaju, na kama ingekuwa timu ya watu wazima ingekwishaambiwa itafute mganga. Brazil ya wasichana ilishinda mara ya tatu, dhidi ya Colombia.

Doha si jina geni Likoni wala Kisauni. Karibu kila mtaa una mtu aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, ulinzi au udereva, na kila mmoja anajua kwamba safari hiyo ilianza kwa foleni ya pasipoti. Ng'ambo hizi zinaijua kadhia ya karatasi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, wakatambuliwa mwaka uliofuata. Wapemba wa Pwani, wavuvi wengi wao, walisubiri hadi 2023. Kwa hiyo mtoto wa mtaani asiye na cheti si kioja. Yeye ni mtu wa mwisho tu katika foleni ambayo wazee wake waliipanga kwa miaka mingi, naye hana hata mzee wa kumshikia nafasi.

Wenye mashindano waliliona hilo mapema, na haki ya kutambuliwa kisheria imekuwa miongoni mwa madai yao makuu. Umoja wa Mataifa nao ulifika huko. Juni 2017 Kamati ya Haki za Mtoto ilichapisha Maoni ya Jumla namba 21, waraka wake wa kwanza unaowahusu mahususi watoto wa mitaani. Unazitaka serikali ziwaandikishe watoto wa umri wowote, bure na bila mlolongo, na wakati mambo yakisubiriwa unaruhusu njia ya kati: kadi ya kitambulisho isiyo rasmi, iliyofungamanishwa na anwani ya shirika linalomjua mtoto, ili asikose zahanati wala asikose kutambulika mbele ya hakimu. Mtu anayelala kibarazani mwa duka hupata anwani kwa kuazima ya wengine.

Mashindano huisha, ndege hurudi, na jezi huchakaa au kuuzwa. Cheti hakiuziki. Tatizo lake ni kwamba karatasi na mtaa haviivani: mtoto anayelala nje hana kabati, mvua ya masika huingia hadi kwenye nailoni, na msako mmoja wa usiku unatosha kumwachisha kila alichonacho. Ndiyo maana katika kazi za namna hii asili ya cheti hukaa kwenye faili la ofisi, na kijana hutembea na nakala, iliyokunjwa mara nne na kuwekwa ndani ya kifuko cha plastiki cha kadi ya matatu ya zamani au laini ya simu.

Nakala hiyo ina matumizi. Mwalimu mkuu huiomba ili amwingize mwanafunzi kwenye mfumo wa wizara, kwani bila namba ya mfumo huo mtihani wa kitaifa haufanywi. Muuguzi huiomba. Akitimiza miaka 18, karani wa usajili wa watu ataiomba kabla ya kumchukua alama za vidole, vyote kumi, kimoja baada ya kingine, na kumwambia arudi baada ya wiki kadhaa kuulizia kitambulisho.