Jetfire: gari lililokuwa na kiu

Wengi hudhani mafuta ya mashindano yana "nguvu" zaidi. Hapana. Okteni hupima jinsi mafuta yanavyostahimili joto na mgandamizo kabla ya kujilipua yenyewe. Yakijilipua, injini inagonga, na ikiendelea hivyo pistoni hutoboka.

Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani iliuza Jetfire, moja ya magari ya kwanza ya barabarani yenye turbo. Injini yake ya V8, lita 3.5, ilikuwa na uwiano wa mgandamizo wa 10.25 kwa 1, halafu ukaongezwa msukumo wa turbo juu yake! Kwa petroli peke yake, hiyo ni kutafuta balaa. Basi wahandisi wakaweka tangi dogo la maji na methanoli, wakaliita dawa hilo kwa mbwembwe Turbo-Rocket Fluid. Turbo ikisukuma, mchanganyiko ulinyunyizwa kwenye hewa, ukageuka mvuke na kunyonya joto. Nguvu za farasi 215, bila kugonga.

Shida ikawa binadamu. Wenye magari hawakujaza tangi. Likikauka, vali ilibana turbo, gari likawa zito, lawama akabebeshwa mhandisi. Uzalishaji ulikoma 1963, na baadaye kampuni yenyewe ikajitolea kung'oa turbo na kufunga kabureta ya kawaida.

Mafundi wa leo wanaotumia ethanoli wanacheza na joto lilelile, ila tangi la pili halipo: kipoozi ndicho mafuta yenyewe. Ethanoli ina nishati kidogo kwa lita, kwa hiyo lazima kompyuta ya injini iambiwe nozeli zimwage zaidi. Ndipo cheche inaweza kuwahishwa na turbo kuongezwa.