Darubini na vipima umbali vya wawindaji: mambo ya kuangalia kabla ya kuagiza mzigo

Msimu wa uwindaji wa kitalii Tanzania hufunguliwa Julai 1. Mfanyabiashara anayeagiza darubini kutoka Dubai au Ulaya ili aziuzie kampuni za uwindaji za Arusha hana budi mzigo wake uwe umefika kabla ya hapo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, hivyo wateja wa upande huo ni waongoza watalii na watazamaji wa ndege, ambao hununua darubini na mara chache sana kipima umbali.

Kila darubini huandikwa namba mbili, mfano 8x42. Ya kwanza ni idadi ya mara inazokuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8, unapata 5.25, yaani upana kwa milimita wa mwanga unaofika jichoni. Darubini ya 10x42 hutoa 4.2, na ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 hutoa 2.5 tu. Wanyama wengi hutembea alfajiri na jioni, na wakati huo 2.5 ni sawa na giza. Isitoshe, kadiri darubini inavyokuza ndivyo mtetemo wa mikono unavyoonekana zaidi. Kwa sababu hiyo 8x42 na 10x42 ndizo zinazotoka. Zenye namba kubwa, kama 20x50, humvutia mnunuzi dukani, lakini porini hazishikiki bila kuegemezwa.

Kukagua hakuhitaji fundi. Ishike darubini sentimita 30 kutoka usoni, ielekeze kwenye anga jeupe, kisha tazama duara la mwanga kwenye lenzi ya nyuma. Likiwa mviringo kamili, prizimu ni nzuri, kwa kawaida ya kioo cha BaK4. Likiwa na kingo za pembe nne zenye kivuli, ni BK7 ya bei nafuu. Lenzi nyekundu zinazong'aa ni urembo tu, kwani hurudisha nje mwanga uliotakiwa kuingia.

Kwa vipima umbali vya leza, tarajia kuwa namba ya kwenye boksi ni ya shabaha inayong'aa. Manyoya ya mnyama hurudisha leza kidogo, hivyo kifaa cha yadi 1,000 (mita 914) kinaweza kuishia nusu yake au chini ya hapo. Hakikisha kinasoma mita. Vichakani nyati hupigwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100, kwa hiyo mteja mwenye fedha kidogo auziwe darubini nzuri kwanza. Vingi hutumia betri ya CR2. Abiria wa ndege hubeba betri za akiba za lithiamu kwenye mzigo wa mkononi, haziingii kwenye begi linalopakiwa.

Kikwazo kikubwa kipo kwenye ankara. Darubini za macho mawili zina namba ya forodha 9005.10, vipima umbali 9015.10, na darubini za kufungwa kwenye bunduki 9013.10. Hizi za mwisho zinahusiana na silaha, na pamoja na vifaa vya kuonea usiku, kibali kiulizwe kabla ya kulipia. Ankara inayoandika "darubini" kwa vyote vitatu huchelewesha mzigo wote. Msafirishaji aombe itenganishwe kabla ya kupakia, kwani gari likizuiwa Namanga au Holili, hasara ya siku za kusubiri humwangukia yeye kwanza.