Ankoro: Nani Anashika Daftari?

Mto Luvua hutoka Ziwa Mweru, penye mji wa Pweto, ukateremka kuelekea kaskazini magharibi na kupita kwenye maporomoko hadi kuingia mto Lualaba. Hapo mito miwili inapokutana ndipo ilipo Ankoro, katika wilaya ya Manono, jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Kongo. Ukitazama ramani utaelewa kwa nini watu walikaa hapa: kuna samaki, kuna udongo wa kando ya mto, na kuna njia za maji zinazokwenda pande tatu. Mahali pa namna hii hufundisha biashara hata pasipo na mwalimu. Hata hivyo, historia yake inarudia swali lile lile tangu karne ya 19 hadi leo: mali ikishapita mikononi mwa wenyeji, hesabu yake huandikwa na nani?

Biashara yenyewe ni ya kale sana. Juu zaidi ya mto, katika bonde la Upemba, wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, kuanzia mwaka 1957. Walikuta misalaba ya shaba, na shaba haichimbwi bondeni humo. Ililetwa kutoka nchi ya kusini. Katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ni michache na mikubwa. Katika yale ya baadaye ni midogo, mingi, na inalingana kwa ukubwa, jambo linaloonyesha kwamba ilikuwa imekwisha kuwa fedha. Ufalme wa Waluba ulikua juu ya mabadilishano hayo: chumvi, chuma, samaki wakavu, nguo za ukindu na shanga. Watu wa Lualaba walijua bei, deni na faida karne nyingi kabla ya kufika kwa shule yoyote.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu iliingia nchi hizi, ikitafuta pembe za ndovu na kuchukua watumwa. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammad el Murjebi, ndiye aliyevuma kuliko wote upande huu wa Kongo. Nguvu yake ilitegemea bunduki, na ilitegemea pia mkopo: mali ya safari zake ilitolewa Unguja na matajiri kama Taria Topan, na pembe ziliporudi pwani ndipo hesabu ilipofungwa. Aliyepoteza nduguye au ndovu wa nchi yake hakuwahi kuliona daftari hilo.

Kisha wakaja Wabelgiji, na daftari likahamia Brussels. Mwaka 1902 tajiri Édouard Empain alianzisha kampuni ya reli ya CFL, iliyounganisha sehemu za Lualaba zinazopitika kwa meli na Maziwa Makuu. Mwaka 1915 reli ya Kabalo ilifika Albertville, ambayo leo ni Kalemie, umbali wa kilomita 273. Mwaka 1918 reli ya kusini ilifika Bukama. Kati ya Kongolo na Bukama zilibaki kilomita 645 za maji yanayopitika, na Ankoro ikawa njiani. Mzigo ulioshuka kwenda Kabalo ungeweza kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma na kufika Dar es Salaam. Uliopanda kwenda Bukama ulielekea Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na bandari za kusini mwa Afrika. Ni miji michache ya ndani kiasi hicho iliyopata milango miwili ya kwenda baharini.

Jirani yake, Manono, ilipewa uhai na madini ya bati. Kampuni ya Géomines, iliyoundwa mwaka 1910, ilichimba bati, ikajenga bwawa la umeme la Piana Mwanga juu ya Luvua, na kupeleka mzigo wake hadi bandari ya Muyumba juu ya Lualaba. Katika mpango huo wote Mwafrika alikuwa mchimbaji, mpakiaji, kapita (msimamizi wa kazi) au, akibahatika kusoma kwa wamisionari, karani. Karani alinakili tarakimu kwa mwandiko mzuri. Kuzifasiri, kupanga bei na kugawa faida hakukuwa kazi yake.

Elimu ya juu ilichelewa mno. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, mwaka 1954, na kile cha serikali huko Élisabethville kikaanza masomo mwaka 1956. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Kaskazini mwa Katanga, jimbo lililokuwa na eneo hili wakati ule, hali ikawa mbaya zaidi. Wafuasi wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe walipigana na Katanga iliyojitenga ya Moïse Tshombe, Manono ikawa makao yao, na tarehe 1 Januari 1962 wamisionari 20 wa shirika la Roho Mtakatifu waliuawa Kongolo. Shirika hilo ndilo lililokuwa limebeba sehemu kubwa ya shule za eneo hili.

Gharama ya kukosa wataalamu wa biashara ilionekana wazi tarehe 30 Novemba 1973. Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na makampuni ya wageni yatapewa wananchi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule. Wengi waliopewa walikuwa na urafiki na wakubwa lakini hawakujua kuagiza bidhaa, kutunza akiba wala kutenganisha mtaji na matumizi ya nyumbani. Rafu zilibaki tupu, na miaka michache baadaye serikali ikaanza kuwarudishia wenyewe. Mwaka 1976 nchi ilitunga mpango wake wa uhasibu, hatua nzuri iliyokuja baada ya hasara. Vyuo vikuu navyo vilikuwa vimeunganishwa kuwa kimoja mwaka 1971, na havikupata tena uhuru wao hadi 1981.

Vita vya 1998 hadi 2003 vilikata mto na reli. Novemba 2002, mapigano ya wanajeshi wa serikali na wanamgambo wa Mai-Mai yaliipata Ankoro yenyewe: raia waliuawa, maelfu ya nyumba zikachomwa moto. Kwa mfanyabiashara mdogo, nyumba ndiyo ghala na ndiyo benki. Mtaji wa maisha yote uliteketea, na hapakuwa na karatasi ya kuthibitisha kilichopotea.

Leo mojawapo ya shule za biashara za jimbo hili ni Kitivo cha Uchumi na Usimamizi cha Chuo Kikuu cha Kalemie, chuo kilichoanza kama tawi la Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kwa mfumo wa zamani mwanafunzi alisoma gradua miaka 3, kisha lisanse miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi inaeneza mfumo mpya: lisanse ya miaka 3 yenye krediti 180, masta ya miaka 2 yenye krediti 120, halafu udaktari. Uhasibu nao umebadilika, kwa kuwa Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi zenye sheria moja ya biashara, tarehe 12 Septemba 2012 na sasa inatumia kanuni zile zile na nchi nyingine 16. Ndani ya kanuni hizo umo mfumo mwepesi kwa biashara ndogo sana: unaandika kilichoingia na kilichotoka, basi. Imo pia sheria ya vyama vya ushirika. Mama muuza samaki wa Ankoro na kikundi cha wenye mitumbwi wanaweza kuvitumia vyote viwili, mradi apatikane wa kuwaelekeza kwa Kiswahili na Kiluba.

Haja hiyo haiwezi kungoja, kwa maana Manono sasa inatafutwa kwa ajili ya lithiamu. Kampuni ya AVZ Minerals ya Australia iliingia mwaka 2017, na Zijin ya China ikafuata. Sheria ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha iende kwa serikali za mitaa za eneo la mgodi, asilimia 25 kwa jimbo, na asilimia 0.3 ya mauzo itengwe kwa maendeleo ya jamii. Fungu hilo ni la kisheria, lakini asiyejua kusoma taarifa ya mauzo hawezi kujua kama amepunjwa.

Kwa hiyo kitivo cha Kalemie kina kazi ya pekee. Kifundishe hesabu za bandari ya Lualaba, nauli ya boti na bei ya samaki kwa uzito ule ule kinaoutumia kufundisha hesabu za benki. Kiwatume wanafunzi wake Ankoro, Manono na Kabalo kufanya mazoezi ya kazi, wakakague vitabu vya vikundi na vya serikali za mitaa. Kwa miaka mia na zaidi mali ya mito hii iliandikwa mbali. Vijana wa hapa wakiweza kuiandika na kuikagua wenyewe, watadai haki yao kwa tarakimu, na dai lenye tarakimu ni gumu kulipuuza.