Historia ya Kuchokonoa Masikio, na Neno kwa Biharusi



Wiki ya mwisho kabla ya harusi, nyumba nzima inamshughulikia biharusi. Anasingwa, anapakwa hina na piko, nguo zake zinafukizwa udi. Kisha mtu mzima mmoja hukumbuka masikio: "Njoo mwanangu nikutoe taka, hereni za dhahabu haziendi na sikio chafu." Hapo hutoka kibanio cha nywele, njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku au kijiti cha pamba. Sisi tunaoshona nguo za maharusi tumeshampokea zaidi ya mmoja aliyekuja kujaribu gauni huku amelishika sikio, upande mmoja hausikii. Na hizo ndizo siku ambazo biharusi anahitaji kusikia: anaulizwa idhini yake, anapewa wasia na wazee.

Mazoea haya hayakuanza kwetu. Warumi wa kale walikuwa na vijiko vidogo vya kuchokolea masikio, vya shaba au mfupa. Vingine vilitungwa kwenye pete moja pamoja na kibano cha kung'olea nywele na kifaa cha kusafishia kucha, na hadi leo vinaonekana kwenye majumba ya makumbusho Ulaya. Huko Japani, pini za mapambo ya nywele za wanawake, ziitwazo kanzashi, nyingi zilitengenezwa na kijiko cha sikio kwenye ncha yake. Yaani tangu zamani sikio limewekwa fungu moja na kucha na nyusi, kama jambo la urembo.

Lakini matabibu wa zamani walikwenda njia nyingine. Celsus, aliyeandika juu ya utabibu huko Roma katika karne ya kwanza, aliagiza nta iliyokauka ilainishwe kwanza kwa siki yenye magadi kidogo, kisha sikio lioshwe. Karibu miaka 1,000 baadaye, huko Andalus, tabibu wetu wa Kiislamu Abul-Qasim al-Zahrawi aliandika Kitab al-Tasrif, kitabu cha sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, nayo ina michoro ya vyombo alivyovitumia. Alipofika kwenye kitu kilichoingia sikioni, hakuanza na chombo. Alisema sikio lielekezwe kwenye mwanga wa jua ili tabibu aone, kisha litiwe mafuta, kama vile ya ufuta. Bwana huyu alikuwa na koleo na ndoana za kila aina, na bado alitanguliza kuona na kulainisha.

Kijiti cha pamba kimekuja juzi tu. Mwaka 1923 Leo Gerstenzang, mhamiaji wa Marekani aliyezaliwa Poland, alianza kuviuza baada ya kumwona mkewe akizungushia pamba kwenye kijiti cha meno ili amsafishe mtoto. Vilikusudiwa usafi wa mtoto, vikaishia kwenye masikio ya watu wazima. Leo paketi nyingi za vijiti hivyo zina onyo: usiingize ndani ya tundu la sikio. Tunavinunua kwa kazi ambayo paketi yenyewe inaikataza.

Kwa nini inakatazwa? Kwanza, nta si uchafu. Allah ameiweka ilinde ngozi ya ndani na kunasa vumbi na wadudu. Hutengenezwa sehemu ya nje tu ya tundu, ambalo kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Ngozi ya humo husogea polepole kuelekea nje, nasi tunapotafuna na kuzungumza, nta hutoka yenyewe. Ukiingiza kijiti, unatoa kidogo na kushindilia iliyobaki karibu na ngoma ya sikio.

Pili, nta zetu si sawa na za wenye vijiko. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba jeni moja ndiyo inayoamua aina ya nta. Wengi wa Asia Mashariki wana nta kavu kama magamba. Sisi Waafrika karibu sote nta yetu ni laini yenye mafuta, na ukiisukuma inashikana kama lami.

Tukirudi kwenye udhu wetu, tunakuta adabu ile ile. Katika hadithi iliyopokelewa na Abu Daud, Mtume (S.A.W.) alitia vidole vya shahada masikioni na kupangusa nje kwa vidole gumba. Ni kupangusa, tena kwa kidole, na kidole hakifiki mbali. Dada mwenye wasiwasi kwamba udhu wake haukutimia kwa sababu ya nta ya ndani, aondoe wasiwasi huo.

Basi biharusi afanye nini? Kama anasikia vizuri na hana maumivu, apanguse nje kwa kitambaa chenye maji, inatosha. Kama sikio limeziba, atie matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni yanayouzwa duka la dawa, mara 3 au 4 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5, huku amelala ubavu. Kwa hiyo asingoje usiku wa kuamkia harusi. Anayefunga ajue kuwa katika vitabu vya Kishafi tone la sikioni linahesabiwa kufunguza, ingawa Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah mwaka 1997 liliona halifunguzi kama hakuna kinachomezwa. La salama ni kutia baada ya futari.

Lakini kama kuna maumivu, usaha, damu, kizunguzungu, au ngoma ya sikio iliwahi kutoboka, asitie chochote. Aende hospitali aangaliwe kwa taa, aoshwe au atolewe nta na anayejua. Vilevile mshumaa wa masikio unaouzwa mitandaoni auepuke: haunyonyi nta, na umeshawaunguza watu.

Kwa mashangazi na masomo wetu tunaowaheshimu: singo, hina na udi ni vyenu, mfundeni biharusi mtakavyo. Sikio lake mlipambe kwa nje. Ndani mwachieni Aliyeliumba.

Allah atuhifadhie masikio yetu na awabariki maharusi wetu. Amin.