Mwanamfalme Alipopewa Kina

Ndugu msomaji, wapo wanaosema michezo ya kompyuta ni mambo ya watoto, ati haina historia. Mimi nasema inayo, tena ndani yake mna swali ambalo hata sisi tunaoota kuandika riwaya linatuhusu: kazi ya zamani inayopendwa, je, ifanywe upya kwa mtindo wa kisasa au iachwe ilivyo?

Tuchukue Prince of Persia. Mmarekani Jordan Mechner aliutoa mchezo huo mwaka 1989, kwa kompyuta ya Apple II. Kabla ya hapo alikuwa amempiga picha za video mdogo wake, David, akikimbia na kuruka, kisha akazifuatisha picha hizo moja moja hadi kijana wa kwenye kioo akatembea kama mtu wa kweli. Kisa chenyewe ni kifupi: waziri Jaffar amemfungia binti mfalme, na kijana ana dakika 60 tu za kumwokoa.

Yote hayo unayatazama kwa ubavuni, kama kivuli ukutani. Kuna kushoto na kulia, juu na chini, basi. Lakini utamu uko hapo hapo! Shimo unaliona lote. Unalipima kwa jicho, unaruka. Ukianguka juu ya miiba ya chuma, kosa ni lako, huna wa kumlaumu.

Mwaka 1996 mambo yakageuka. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Super Mario 64, na yule Mario ambaye katika Super Mario Bros. ya 1985 alikuwa akikimbilia kulia tu, sasa akawa anakwenda atakako. Kampuni nyingine nazo zikataka mashujaa wao wapewe kina. Wengi hawakuona jambo moja: Shigeru Miyamoto na wenzake hawakuchukua ramani ya zamani wakaivimbisha. Walijenga viwanja vipya, wakampa Mario miruko mipya, na chini ya miguu yake wakaweka kivuli ili mchezaji ajue atatua wapi.

Mwanamfalme wetu naye akapelekwa huko mwaka 1999, katika Prince of Persia 3D. Loo! Wachambuzi waliilalamikia kamera, wakalalamikia na ugumu wa kumwongoza kijana. Haishangazi. Shimo ambalo zamani ulilipima kwa jicho, sasa unalitazama kutoka mgongoni kwake, hujui ni hatua mbili au tatu. Kuruka kukawa kubahatisha.

Mwaka 2003 kampuni ya Ubisoft ilijaribu tena kwa The Sands of Time, Mechner mwenyewe akishiriki kutunga hadithi. Safari hii kijana alipewa jambia linalorudisha wakati nyuma: akianguka, aweza kurudi pale alipokuwa kabla hajaruka. Na hadithi nzima anaisimulia yeye. Ukifa, anajisahihisha kwamba sivyo ilivyokuwa. Waona, ndugu? Kosa la mchezaji limegeuka kuwa ulimi wa msimulizi uliokosea. Huko si kupaka rangi nyumba ya zamani, ni kujenga nyingine kwenye kiwanja kile kile. Halafu mwaka 2024 Ubisoft hao hao wakatoa The Lost Crown, na shujaa si mwanamfalme tena, ni mwingine, lakini mchezo umerudi kutazamwa kwa ubavuni! Kwa hiyo kina si cheo ambacho kila mchezo sharti upande.

Jibu langu basi ni hili: ifanywe upya, lakini na mtu anayejua utamu wake ulikuwa wapi. Na ya zamani isitupwe. Maandishi ya programu ya mchezo ule wa 1989 yalikuwa yamepotea kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2012 baba yake Mechner alipozikuta disketi ndani ya nyumba. Fikiria zingeoza! Tungebaki na wajukuu wanaogombana juu ya sura ya babu ambaye hakuna aliyetunza picha yake.

Nasi wa kalamu tuangalie hapo. Ukitaka kuipa hadithi ya bibi yako kina cha riwaya, ipe. Lakini kwanza iandike kama alivyoisimulia, uiweke kabatini.